Hakuripoti

Kuna neno moja niliandika kwa wino wa buluu
katika daftari la udahili, ukurasa wa thelathini na moja,
mbele ya jina la Mwantumu Shemweta, wa Bumbuli:
"Hakuripoti."
Mwandiko ni wangu. Mkia ule wa herufi ya mwisho
mwalimu wangu wa Mabawa aliwahi kuusifia.

Sasa niseme.
Siku ile palikuwa na rasharasha ya vuli,
ile inayonyesha Chumbageni ikaisahau Ngamiani.
Mdogo wake alipanda peke yake, bahasha kwapani,
viatu vimeganda udongo mwekundu wa mlimani.
"Shikamoo. Dada yupo chini."
Nikasema, aje.
"Yupo chini," akarudia, polepole,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.
Nikachungulia dirishani:
kiti cha magurudumu, mwavuli wa kijani,
na kati yake na muhuri wangu
vidato ishirini na viwili.

Vidato sita vya shule alivipanda vyote,
daraja la kwanza, cheti kimo bahashani.
Hivi vya zege havikumuuliza alama.

Kanuni ya saba: mwombaji atie sahihi mwenyewe, mbele ya ofisa.
Nikaisoma kwa sauti.
Nilipenda kuisoma kwa sauti.

Vijana wanne wa uhandisi wakajitolea kumbeba.
Akawauliza majina, akawashukuru mmoja mmoja, akakataa:
"Chungwa la Muheza ndilo hupandishwa kwa tenga.
Mimi nimekuja kusoma."

Basi la saa tisa lilimkuta stendi ya Kange.
Waja leo, waondoka leo.
Watu wa Tanga tunausema kwa kicheko.
Siku hiyo niliusikia ukisemwa na ngazi.

"Ngazi ni zile zile kwa kila mtu," alisema Msajili.
"Usawa gani mwingine mnautaka?"
Na saruji inapikwa hapo Pongwe,
malori yake yapita getini kwetu usiku kucha;
mita sita za mteremko zikakosa fungu.

Machi ikaundwa kamati.
Ilikuwa na jina refu, chai, na sambusa.
Ilikutana ghorofa ya tatu.
Kilua, kiziwi wa mwaka wa pili, alialikwa;
mkalimani hakualikwa.
Akakaa akiitazama midomo yetu,
asijue lipi ni neno na ipi ni sambusa.
Nami nilikuwapo. Nilitafuna.

Jumatatu iliyofuata nikaishusha meza.
Peke yangu, droo kwanza, kisha miguu.
Nikaitia chini ya ngazi, pale pa mafagio,
baada ya kumwomba radhi Mama Semkiwa mwenye ndoo zake.
"Ofisi haihamishwi bila barua!" akafoka Msajili kutoka juu.
Nikamjibu, barua nitaipokea hapa chini.

Walivyokuja!
Mjamzito wa shahada ya ualimu.
Mzee Mbelwa, tarishi, aliyelificha goti lake
miaka kumi na miwili.
Kijana wa Kilindi ambaye huko juu
walimcheka lafudhi hata akaacha kuuliza maswali;
alijaza fomu akinong'ona,
alipofika kwenye jina la baba yake akapaza sauti.
Sikujua ni wangapi walikuwa wakinifikia kwa maumivu
nami nawaita wachelewaji.

Namba ya Mwantumu naipiga kila Ijumaa.
Huita mpaka mwisho.
Juzi ilipokelewa na mtoto, akacheka, akakata.

Wino haufutiki, na kanuni hairuhusu kufuta.
Ila pembeni mwa ukurasa pana nafasi nyembamba.
Nimeandika kwa penseli kwanza,
kisha nikapitishia wino juu yake:
"Aliripoti. Ofisi ndiyo haikuripoti."

Nikagonga muhuri.